Baba, Kunyamaza Kwako Nikuhesabu Vipi?

Mpendwa Baba,

Sikuulizi hali. Huko uliko, hali yako anaijua Mola wako, na mimi nimebaki na kukuombea tu. Nakuandikia kwa ajili ya jambo jingine, lile nililokuomba hospitali katika wiki yako ya mwisho, Mama alipotoka kwenda kusali tukabaki wawili. Nilikushika mkono nikakwambia, "Baba, niwie radhi." Ukanitazama. Akili yako ilikuwa timamu na sauti ulikuwa nayo, maana muda mfupi baadaye uliniambia nifungue pazia uyaone magari yanayopita barabarani. Lakini radhi niliyokuomba hukunijibu. Hukusema ndiyo wala hukusema la.

Mtu mwingine angelipita hilo. Mgonjwa kachoka, kanyamaza, basi. Ila mimi na wewe tuna kisa chetu na kunyamaza, na hakuna mtu Maskati nzima anayekijua vizuri kutushinda. Tangu tukuzike nakwenda kazini Khuwair kama kawaida, navaa miwani, nasoma mikataba ya wizara, na nikifika katikati ya kifungu najikuta sisomi tena, nafikiria jicho lako lile na mdomo uliofungwa. Leo nimeyasukuma mafaili pembeni nikachukua karatasi. Bi Thuraya, ninayeshirikiana naye chumba cha ofisi, anadhani naandika ripoti.

Tuanze pale unapopapenda wewe, kwenye kunicheka.

Niliposema nataka kusoma sheria Amerika, ulikuwa bado unauza magari mtaa wa Wattaya, katika duka lile la vioo vitupu, na dishdasha yako, kanzu ya Kiomani, iliyopigwa pasi mpaka inasimama peke yake, na kila anayeingia ukimwita "sheikh" hata kama kaja kukimbia jua tu. Uliniuliza swali la muuzaji: "Sheria ya Amerika, hapa Maskati utamuuzia nani?" Ukauliza tena: "Si umeshasoma digrii nzima huko? Sasa ndo sheria inaanza?" Nikakueleza kuwa kwao ndivyo, mtu kwanza anasoma kitu kingine, kisha ndipo anaingia shule ya sheria kwa miaka mitatu. Ukatikisa kichwa kama mtu aliyeletewa gari lisilo na injini. Mama alinambia baadaye kwamba kabla sijapata hata barua ya kukubaliwa, dukani ulishawatangazia watu wote kuwa mwanao ni wakili.

Simu zetu ulizipanga wewe. Ukimaliza sala ya Isha unapiga, na kwangu inakuwa mchana, saa ya chakula. Nakaa kwenye ngazi za maktaba, nimejifunga koti kama godoro, mkate mkononi, nawe unataka kuhadithiwa yote.

"Haya, leo mwalimu kafundisha nini?"

Na mimi kila siku nashindwa kukujibu, kwa sababu wale hawafundishi, wanauliza. Nilikwambia namna profesa anavyoingia darasani na karatasi yenye picha zetu na mahali tunapokaa, akapitisha kidole, akataja jina la mtu bila kumwonya, na huyo mtu aliyetajwa anatakiwa aeleze kesi mbele ya darasa zima: nani kashtaki, kwa nini, mahakama imesemaje. Akieleza vizuri haachwi. Profesa anabadilisha kidogo mambo ya kesi na kumuuliza tena, na tena, mpaka ajikwae. Ulisikiliza kwa makini sana, kisha ukasema, "Kwa hiyo yeye ndo hajui, nyinyi ndo mnamfundisha."

Nilikwambia pia kwamba ukimaliza kutetea upande mmoja, anakuamuru utetee wa pili kwa nguvu zile zile.

"Huo si unafiki?"

"La, Baba. Ni mazoezi."

"Basi ni unafiki wa mazoezi," ukasema, na nikasikia jinsi ulivyofurahi na neno lako.

Yako mengi sikukuhadithia kwa sababu yalikuwa yananitisha. Sikukwambia kwamba vitabu vyenyewe vizito kama matofali na kwamba kila mmoja ana kalamu zake za rangi, njano kwa mambo yaliyotokea, kijani kwa kanuni, waridi kwa hoja ya jaji, na kwamba kitabu changu cha kwanza nilikipaka rangi kila mstari kwa sababu sikujua lipi ni muhimu. Sikukwambia kwamba muhula mzima una mtihani mmoja tu, mwishoni, na alama hupewi kwa ulichojua bali kwa kulinganishwa na wenzako, kwa hiyo mtu anakuchekea huku anaomba usiamke siku hiyo. Nilikuwa na rafiki mmoja tu wa kweli, Dana, msichana wa kwenye mashamba ya mahindi, aliyekuwa na hofu kama yangu na hakujali nani anaijua. Tulisoma pamoja, tukilia kwa zamu.

Na sikukwambia namna nilivyokuwa nikiinamisha macho. Wewe na Mama mlinilea hivyo: mkubwa akisema nami, natazama chini. Kule profesa aliona macho chini akadhani sijasoma. Ndiyo maana, nadhani, kidole chake kilipenda kusimama kwenye picha yangu.

Siku moja alikuwa ni bibi mmoja mwembamba mwenye mvi aliyetufundisha mikataba. Akanitaja. Akasema, mtu kamwandikia jirani yake: nataka kuinunua pikapu yako kwa bei hii, na nisiposikia kitu kutoka kwako mpaka Jumapili, nitahesabu pikapu ni yangu. Jirani hakujibu. Jumatatu akamuuzia mtu mwingine. Je, wana mkataba?

Nikasema, ndiyo, wanao.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hakukataa."

"Na alikubali lini?"

"Aliponyamaza."

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Akaniuliza kama yeye akiniandikia kesho kwamba nyumba ya wazazi wangu ni yake nisipomjibu, na mimi barua nikaitupa kwenye taka, atahamia lini. Nikakaa kimya, darasa likacheka zaidi, na mimi nikacheka nao. Ndipo akatueleza kanuni yenyewe: kwa kawaida kunyamaza si kukubali. Hakuna mwenye haki ya kukutwika mzigo wa kusema "la" kwa jambo ambalo hukuliomba.

Wewe nilikuhadithia siku hiyo hiyo, na ulikubaliana na yule bibi moja kwa moja. "Hiyo haki kabisa," ulisema. "Ingekuwa kunyamaza ndo kukubali, Wattaya nzima ingekuwa na magari yangu mlangoni." Ulilirudia hilo kwa Mama, na kwa vijana wa dukani, na Ijumaa ukalipeleka kwa Ami Khalfan.

Ami Khalfan. Kila Ijumaa baada ya sala ulikula kwake, tangu mimi sijazaliwa. Mlikua pamoja Unguja, mkaja Maskati vijana, mkajifunza Kiarabu pamoja kwa kuchekwa pamoja, yeye akafungua gereji mtaa wa Ghala na wewe ukaingia kwenye kuuza. Magari uliyouza wewe alitengeneza yeye. Mama alikuwa anasema ana mume nusu, nusu nyingine ni ya Khalfan.

Kwa hiyo ulipopiga simu mwisho wa muhula ule, karibu na mtihani wa mikataba, na sauti yako ikawa na utulivu wa kupanga, nilijua kuna kitu.

"Salma, nna jambo zuri, mwanangu. Ami yako Khalfan yupo hapa ubavuni mwangu. Kaja kukuposea Nasir. Unasemaje?"

Nilikuwa kwenye ngazi zile zile, kalamu ya kijani nimeishika kwa meno. Nasir nilimjua tangu tunagombania baiskeli. Hakuwa na ubaya wowote. Ila sikuwahi kumfikiria, wala sikuwa nimefikiria kuolewa. Nikaona haya, kwa sababu Ami Khalfan anasikia. Nikanyamaza. Na ndani ya kunyamaza kule, Baba, nilikuwa nimetulia kabisa. Muhula mzima nilikuwa nimekariri kwamba kunyamaza hakumfungi mtu. Nilidhani nimejipatia muda, na kwamba wewe, uliyeipenda kanuni ile kuliko mimi, umeelewa.

"Haya. Alhamdulillah," ukasema. "Soma, mwanangu."

Nikarudi maktaba nimefurahi kwa namna ulivyonielewa.

Asubuhi yake simu yangu ilikuwa imejaa. Shangazi Moza kanitumia sauti ya vigelegele mpaka pumzi zimemkatika. Binamu wananiita bibi harusi. Mtu kanitumia picha ya sinia la halwa, na nyuma yake mkono wako, naujua kwa saa yako, unamimina kahawa. Mmeshasoma Fatiha ya kuifunga posa.

Nilimwendea Dana na simu mkononi nikamweleza. Akauliza, "Lakini wewe ulisema nini?" Nikamwambia sikusema kitu. "Basi hamna kilichotokea," akasema, na akarudi kwenye kitabu chake. Nilimwonea wivu siku ile.

Nilikupigia, na hayo mazungumzo yetu nayakumbuka kuliko kesi zote nilizosoma.

"Baba, mimi sikusema ndiyo."

"Hukusema la."

"Baba, si tulizungumza habari ya pikapu?"

"Pikapu na posa, wapi na wapi?" Ulishangaa kweli, hukuwa unajitetea. "Salma, mamako aliulizwa, akanyamaza. Shangazi yako Moza aliulizwa, akanyamaza. Bibi yako aliulizwa akakimbilia jikoni, na ile ikahesabiwa ndiyo mara mbili. Wewe nimekuuliza, hukukata simu, hukulia, hukusema n'achie nifikiri. Mimi ningejuaje?"

"Na mimi ningejuaje kwamba umeshajibiwa?"

Tukakwama hapo. Nililia, wewe ukanambia nisilie. Nikakwambia Nasir simtaki, wala si kwa ubaya wake. Moyo wangu haujasema kitu na siwezi kuolewa kwa neno ambalo moyo haujalisema. Ukanambia neno limeshatoka, Fatiha imeshasomwa, Khalfan keshawaambia watu wake. Nikakwambia kanuni, tena, na tena, kama yule bibi mwenye mvi. Nilikusikia umeanza kulegea. Nilikuwa nashinda.

Ndipo nikafanya jambo ambalo Dana mpaka leo ananiita mwendawazimu kwa ajili yake. Sikuweza kukushinda kwa kukuficha ninachokijua. Nikasema, "Baba, kuna kitu sijakwambia. Ile kanuni ina pa kutokea. Kama watu wawili wamezoeana, na siku zote mmoja akinyamaza mwenzake anaelewa kuwa kakubali, basi hapo kunyamaza kunafunga kama neno. Na mimi na wewe ndivyo tulivyo. Ukiniuliza twende kwa bibi, nanyamaza, tunakwenda. Ukiniuliza kama uniongezee biriani, nanyamaza, unaniongezea. Maisha yangu yote sijawahi kukwambia ndiyo kwa mdomo. Kwa hoja hiyo haki iko kwako. Ukitaka kunishika kwa hilo, nishike. Mimi nimekwambia tu ili usije ukaambiwa na mwingine."

Sasa ukanyamaza wewe. Nilisikia kiyoyozi cha sebuleni kwetu, na Mama anakusanya vikombe. Nilingoja. Nilikuwa kwenye ngazi za maktaba, wanafunzi wananipita na vitabu vyao vya rangi, na mimi sijui kama nimeolewa au sijaolewa.

"Una mtihani," ukasema mwishoni. "Kasome."

Yaliyofuata nilihadithiwa na Mama. Siku ya pili hukwenda dukani. Ulivaa dishdasha nzuri, ukajifukiza udi, ukaendesha mpaka Ghala. Uliacha gari mbali na gereji, sijui kwa nini, ukapita kwa miguu katikati ya mafuta machafu na mabodi ya magari, ukaingia kwa Ami Khalfan mbele ya mafundi wake ukamwomba mkae ndani. Uliporudi hukula. Ulimwambia Mama, "Nimelirudisha neno," ukaenda kulala kabla ya Magharibi, jambo ambalo hujawahi kulifanya. Na mimi ulinitumia ujumbe mfupi, nao ninao: "Posa imekwisha. Fanya mtihani wako."

Sikupata alama nzuri, Baba. Tena ilikuwa mikataba hiyo hiyo, kati ya masomo yote. Hili nadhani hukuwahi kulijua.

Niliporudi likizo niliona ulivyolipa. Ijumaa ikafika, ukatoka msikitini, ukaja moja kwa moja nyumbani ukakaa mezani na sisi. Mama hakujua akupe sahani gani, hakuzoea kukupikia siku hiyo. Nikakuuliza, "Baba, huendi kwa Ami Khalfan?"

"Joto," ukasema.

Hapa Maskati, Baba. Joto. Ijumaa iliyofuata ikawa joto tena, na ya baadaye, na hata Januari, watu wamevaa sweta, wewe kwako lilikuwa joto. Sikukuuliza tena. Nilijua watu wanasema Mzee Suleiman kavunja neno lake kwa ajili ya binti anayesoma Amerika, na nilijua mtu uliyejifunza naye Kiarabu hukuwa naye tena. Nami ningependa ungenigombeza. Ungepiga meza ukasema unaona ulichonifanyia, na mimi ningelia tukamaliza. Hukusema neno hata moja. Ulinichekesha tu.

Maana uliishika ile kanuni ukaifanya mchezo wako. Mama akikuuliza, "Nipike wali wa nazi?" ukinyamaza, naye akapika, ukija mezani unamwambia, "Lakini mimi sikukubali." Siku moja alikufuata na mwiko mpaka mlangoni. Dukani ukawa huandiki jina la mteja mpaka aseme kwa mdomo wake kuwa anataka, na vijana wakalalamika kwamba unafukuza watu, na meneja akaja kugundua kuwa wateja wako ndio wasiorudi kulalamika. Ulinipigia Amerika kunipa habari hiyo kama mtu aliyeshinda kesi.

Nikamaliza. Nikarudi. Swali lako la mwanzo lilikuwa sahihi, sheria ya Amerika hapa haikununuliwa, ilinibidi nikae tena chini nisome sheria ya nyumbani kutoka mwanzo, na wewe ulinipeleka na kunirudisha kila jioni, wala hukunikumbusha hata siku moja kwamba ulisema. Kisha nikapata kazi wizarani, na hapo wizarani akatokea Hamed.

Hii nayo acha niihadithie japo ulikuwepo, kwa sababu naipenda. Wamekuja watu wa Hamed, majlisi ya wageni imejaa, sheikhe kakaa katikati. Mimi niko chumba cha ndani na wanawake, nimejitanda, moyo unakwenda mbio, na safari hii moyo unasema waziwazi. Ukaja mpaka mlangoni na sheikhe nyuma yako.

"Salma, Hamed kakuposa. Unasemaje?"

Na mimi, niliyesomea jambo hilo, nikainamisha macho nikanyamaza. Haya ilinishika kama ilivyomshika bibi yangu.

Sheikhe akasema, "Mashaallah, karidhia."

"Hajasema," ukasema wewe.

"Mzee Suleiman, kunyamaza kunatosha."

"Kwa wengine kunatosha, sheikhe. Huyu hapana." Ukanigeukia. Sauti yako haikuwa ya mchezo hata kidogo. "Sema, mwanangu. Ukisema la, pia nataka kulisikia. Sote tutasubiri."

Shangazi Moza alijifunika uso mzima kwa shela kwa aibu. Nilisikia majlisi yote imetulia. Nikainua macho nikakutazama, nadhani kwa mara ya kwanza maishani nilikutazama hivyo, nikasema, "Nimekubali, Baba." Ukashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. Ami Khalfan alialikwa siku ile. Hakuja, na nilikuona unatazama mlangoni.

Ndiyo maana nilikuomba radhi hospitali, Baba. Kila mtoto humwomba mzazi wake, hilo ni la kawaida, lakini mimi nilikuwa na changu mahsusi. Nilitaka unisamehe Ijumaa zako. Nilitaka nisikie kwamba kwa yote yaliyokupotea hukuniwekea kitu moyoni. Na wewe, mtu aliyekataa kunioza mpaka nifungue mdomo, ukanitazama ukanyamaza, ukaomba pazia.

Nimeipindua hiyo kila upande, namna nilivyofundishwa. Naweza kutetea kwamba kunyamaza kwako kulikuwa ni ndiyo: sisi ni watu wa kuelewana kimya, ulinitazama kwa upole, mkono hukuutoa. Naweza pia kutetea kwamba kulikuwa ni la. Wewe mwenyewe uliacha kuamini kimya, na kama ungetaka kusema ndiyo ungesema. Pande zote mbili nazitetea vizuri, na hakuna ulioniletea usingizi.

Katika siku za msiba, mwishomwisho watu walipoanza kupungua, kijana mmoja aliyekuwa nje alikuja kusema kuna mzee ananiulizia mimi, si Mama. Nikatoka. Ami Khalfan alikuwa amekaa kwenye ukingo wa baraza, fimbo katikati ya magoti, amepungua sana. Nilimwamkia nikabaki nimesimama, macho chini.

"Wewe ndo wakili?"

"Ndiyo, ami."

"Kaa." Nikakaa. "Nasir kaoa, ana watoto, na mkewe anamweza. Mie sina kinyongo na wewe, ujue hivyo. Sikuwa nacho hata mwaka ule, labda wiki mbili tatu tu."

Nikamuuliza, kwa kuwa sikuweza kujizuia, "Basi kwa nini ulimwacha baba yangu?"

"Nimwache mie?" Aliuliza taratibu. "Mie nilimpigia simu. Nilimtumia watu. Nilimwekea sahani Ijumaa mpaka mke wangu akachoka kuiondoa. Yeye ndo hakuja. Alinionea haya."

Yeye akaendelea, akitazama kule wanakokunja mikeka.

"Siku alokuja Ghala nilikuwa nna hasira. Nikamwambia, Suleiman, mwanao kakutia aibu. Akanijibu hapana. Akasema, 'Mie ndo nilomtia yeye. Nimemsemea mwanangu neno asilolisema, tena mbele yako, na yeye hoja ya kumshinda akanipa kwa mkono wake. Mie ndo wa kumuomba radhi, Khalfan. Na wallahi sijui baba anaanzia wapi.' Basi. Akatoka. Nilidhani keshakwambia."

"Hakunambia, ami."

"Hatukufunzwa," akasema. Akajikongoja akainuka, nikamshika mkono nikamsindikiza mpaka garini. Kabla ya kupanda aliniuliza kama ni kweli alichosikia, kwamba Ijumaa ulikuwa unasema joto. Nikamwambia kweli. Alicheka mpaka ikabidi ashike mlango wa gari, kisha akalia.

Kwa hiyo, Baba, huenda pale hospitali mimi nilikuomba kile kile ulichokuwa unataka kuniomba wewe. Miaka yote ile ulikuwa unatafuta pa kuanzia, na mimi nikakutangulia, nikakushika mkono nikalichukua neno lako. Ungejibu nini? Ukisema "nimekuwia radhi," unakubali kwamba mkosa nilikuwa mimi. Ukisema jingine, nguvu hukuwa nazo. Huenda ilikuwa hivyo. Au huenda ulichoka tu na ulitaka kuona magari. Sijui, na sitakusemea. Ulishanionyesha ubaya wake.

Lakini la kwangu naweza kulisema, na silinyamazii. Hivi sasa nimeweka kalamu chini nikalisema kwa sauti, hapa hapa mezani: "Baba, nimekuwia radhi. Kwa posa, kwa Fatiha, kwa yote. Nimekuwia radhi tangu siku ile ile."

Bi Thuraya kainua kichwa kwenye kompyuta yake. "Unasema na nani?"

"Na baba yangu."

Ameinuka, ameufunga mlango taratibu ili wa ukumbini wasisikie, akarudi akakaa akageuzia kiti dirishani, akanambia, "Haya, mwambie."

Pumzika, Baba. Kwangu huna lawama.

Mwanao,
Salma